Mtu wa Tabaka: Maisha ya Elkana Changawa Ngumbao, 1979–2025

Wasifu ulioandikwa na kusomwa na mpwa wake, Lenox. Bofu, Likoni, Jumamosi tarehe 21 Juni 2025.

Mchungaji, wazee wetu, Bibi Kache, mjane wetu Pascalia, majirani wa Bofu na wageni mliovuka kivuko: shikamooni, na poleni. Wasifu wa kwanza ulioletwa na kamati ulikuwa na mistari sita, na mstari wa nne ulisema marehemu "alikuwa fundi wa kompyuta." Nikaurudisha. Nikaambiwa, basi andika wewe unayejijua umesoma, tena wewe ni mpwa na mpwa ana ruhusa ya kumtania mjomba wake mpaka kaburini. Nimesoma nusu ya diploma, lakini nimeandika. Utani umo kidogo. Kero imo zaidi, na mtanisamehe, maana jana alasiri nilimsomea Bibi yote na akasema isomwe hivi hivi, mtu asipunguze neno.

Elkana Changawa Ngumbao alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 hapa hapa Bofu, katika nyumba hii iliyo nyuma yangu, wakati huo ikiwa ya makuti. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Ngumbao, aliyekuwa kuli bandarini na aliyetutangulia mwaka 2011, na Bibi Kache, ambaye Mungu amemweka mpaka leo akaona asilopaswa kuona mzazi yeyote. Dada yake wa pekee ni mamangu, Dorothy.

Bibi anasimulia kwamba alipokuwa na miaka saba alitumwa dukani kununua mafuta ya taa. Akakawia. Giza likaingia, taa hazina kitu, na kijana akarudi na chupa tupu na swali: "Mama, kwa nini mwenye duka ana mapipa matatu na yote hayajafika nusu? Si angeyamimina kwenye moja, haya mawili akauza?" Bibi alimchapa kwanza, kisha akaenda dukani mwenyewe. Anasema alipofika alijikuta anachungulia mapipa, na ni kweli, hayakuwa yamefika nusu.

Alisoma shule ya msingi hapa Bofu hadi mwaka 1993, kisha sekondari Kaloleni kwa jamaa zetu, akamaliza mwaka 1997 akiwa wa pili darasani. Wa kwanza alikuwa msichana, na Mjomba alikuwa akisema jambo hilo bila kuulizwa. Mwaka 1999 alijiunga na chuo cha ufundi kisiwani Mombasa, akachukua diploma ya kompyuta. Aliimaliza yote, Desemba 2001. Walionitazama hapo mmeonekana.

Mwaka 2002 aliajiriwa katika yadi moja ya makontena kule Changamwe, kazi ya kuangalia seva. Seva ni kompyuta kubwa zisizo na mtu wa kukaa mbele yao. Zinakaa chumbani zenyewe na kuhudumia kompyuta nyingine zote. Yadi ilikuwa na seva tisa katika chumba chenye baridi kuliko vyote Changamwe, na Mjomba akawa mtu pekee wa Likoni anayeondoka nyumbani Januari na sweta mkononi. Watu walidhani anaringa. Katika chumba kile aliona kwamba kila seva ilikuwa ikitumia sehemu ndogo tu ya uwezo wake, na muda uliobaki inakula stima na kupumua. Yale mapipa ya duka tena. Hakulala vizuri kwa miaka.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo ukoo mzima uliposhindwa kusikiliza kwa miaka kumi na mitatu. Kuna programu inayoweza kuigawa seva moja ndani kwa ndani ikawa kama seva ishirini. Zile za ndani huitwa mashine pepe, kwa sababu hazina chuma chao wenyewe. Mjomba alimweleza Bibi hivi: "Mama, ni kama nyumba ya Kiswahili. Paa moja, ukumbi mmoja, vyumba sita, kila mpangaji na kufuli yake. Tofauti ni kwamba kila mpangaji anaamini nyumba nzima ni yake peke yake." Bibi akamuuliza, "Na choo?" Mjomba akacheka, akasema hata choo kila mmoja anaamini ni chake. Bibi alielewa siku hiyo hiyo. Wengine wetu tuliokwenda shule ndio tulioendelea kumletea redio atengeneze.

Programu za namna hiyo zilikuwepo kutoka ng'ambo, na nzuri. Lakini zilitengenezwa na watu ambao kwao stima ikipotea ni habari ya gazetini. Mjomba alitaka ya watu ambao kwao stima ikikaa siku nzima ndiyo habari. Alianza kuiandika mwaka 2009 kwenye meza ya kulia chakula. Programu yake haikungoja mambo yaharibike. Kila dakika ilikuwa imejiweka tayari kuhama: stima ikikatika mahali pamoja, betri zinashika, na wakati betri zinashika zile mashine pepe zinapita kwenye waya moja moja, zikiwa zinaendelea na kazi, mpaka kwenye seva nyingine upande mwingine wa mji. Mteja hajui. Karani anaendelea kuandika jina la mtu, ameanza herufi ya kwanza kompyuta ikiwa Changamwe na kumaliza ya mwisho ikiwa kwingine.

Mnamo Agosti 2012 alisajili kampuni akaiita Tabaka, akapanga vyumba viwili Changamwe karibu na soko, na kuacha kazi ya yadi. Wateja wakiambiwa vitu vyao viko "kwenye wingu" walitazama juu, na yeye alichukia sana. "Wingu gani? Viko Changamwe. Panda matatu uje uvione."

Na hapa niseme neno kwa niaba yake, kwa kuwa mwenyewe alikuwa mpole kupita kiasi. Mlimletea blenda. Mlimletea simu zilizoanguka chooni. Shangazi mmoja, simtaji, yuko safu ya pili na kitambaa cha manjano, alimletea pasi. "Mwanangu, si wewe uko kompyuta? Hii haipati moto." Mjomba aliipokea, akasema, "Abee shangazi, njoo Jumapili," kama mtoto wa kike aliyeitwa na mamaye. Jumamosi akaenda dukani akanunua pasi mpya ya rangi ile ile. Shangazi akatangaza kanisani kwamba Elkana ni fundi hodari. Wakaja wengine kumi.

Ndoa yake ilikuwa jambo jema lililomtokea, na nalo tuliligeuza shida. Pascalia alikuja pwani kutoka bara akiwa mtoto mchanga, baba yake akiwa mfanyakazi wa kiwandani Changamwe, na alikuwa yadi ile ile akiandika programu za kuhesabu makontena. Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 2008. Kulikuwa na wazee waliouliza kama hapakuwa na wasichana Kaloleni. Sehemu kubwa ya programu ya Tabaka ni ya mkono wa Pascalia, na Mjomba alikuwa akisema hivyo mbele ya watu, nao wakidhani anambembeleza mkewe. Walijaliwa watoto wawili, Nyamvula mwaka 2009 na Chrispine mwaka 2014. Ukitaka kujua waliishi vipi: walikuwa wakigombana kwa maandishi. Kila mmoja akisahihisha programu ya mwenzake aliacha maneno pembeni, na siku moja nikaona ya Mjomba: "Hapa umekosea, mpenzi." Chini yake Pascalia ameandika: "Hapa umekosea wewe, na mchele umeisha."

Kazi ya Mjomba ilikuwa na ubaya mmoja unaonikera mpaka leo. Ikifaulu, hakuna kinachoonekana. Mwaka 2016 alialikwa na hoteli moja ya Nyali awaonyeshe Tabaka. Akaweka seva mbili mezani, akamwomba meneja achomoe waya wa moja. Meneja akachomoa. Kioo hakikutikisika, orodha ya wageni iko pale pale.

"Sasa tutaona nini?" meneja akauliza.

"Ndiyo hiyo, mmeshaona," Mjomba akajibu.

"Lakini hakuna kilichotokea."

"Ahsante," akasema Mjomba, kwa furaha ya kweli, akiamini amesifiwa. Kazi wakampa mtu mwingine aliyekuja na picha zinazozunguka. Miaka mitatu baadaye hoteli ile ile ilirudi yenyewe na aibu zake, na Mjomba akaipokea bila hata neno moja la kuchoma. Mimi ningekuwa nayo matatu.

Mwaka huo huo wa 2019 ndipo alipoleta kabati la chuma lenye seva ndani kwa mamangu, nyumba ya pili kutoka hapa, likawekwa chumba cha wageni. Kabati lina feni zinazonguruma, betri chini, na paneli za jua juu ya paa. Huo ndio uliokuwa ule upande mwingine wa mji. Alisema, "Dada, hili usilizime, na mtu yeyote asilizime." Mama akauliza ni la nini. Mjomba akaeleza kwa nusu saa. Mama akaitikia, na tangu siku hiyo akaliita friji. Pia alikuwa akianikia vitenge vya kanisani juu yake, maana linatoa joto zuri.

Kuugua kwake kulianza mwishoni mwa 2023. Chakula kilikuwa kikimkwama kooni. Alisema ni gesi. Sisi tukasema ni gesi. Kila aliyepita alikuwa na dawa: tangawizi, mwarobaini, maji ya moto yenye chumvi, na jamaa mmoja akaja na unga wa chupa ambao mpaka leo hajasema ni wa nini. Pascalia alisema twende hospitali mara nyingi mpaka akaonekana ni mwanamke asiyependa kunyamaza. Februari 2024 walikwenda, ikaonekana ni saratani ya koo, na ilikuwa imeshatembea. Alipata matibabu kisiwani kwa zaidi ya mwaka. Madaktari na wauguzi walijitahidi na familia inawashukuru. Ninachokasirikia ni ile miezi ya tangawizi.

Katika mwaka huo wa mwisho alifanya jambo la maana. Alimkalisha Purity, mhandisi wake, kwenye kiti chake, na yeye akakaa kiti cha wageni. Akaanza kumwachia kila kitu, na alipoitwa alisema, "Muulize Purity." Sauti ilipopotea aliandika kwenye simu: muulize Purity. Alifariki Jumatano tarehe 11 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, Pascalia na Bibi wakiwa wamemshika mikono. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita.

Wasifu nyingine huishia hapo. Huu hauwezi, kwa sababu kuna jambo lilitokea kati ya kifo na leo, wengi mnalijua nusu, na nusu mnayoijua si kweli.

Siku ya pili ya hanga, haya matanga yetu, wazee walikaa. Babu Karisa, ndugu mdogo wa marehemu Mzee Ngumbao, alikumbusha desturi ya nyumba yetu: mwenye kazi akifa, kazi yake inasimama, na kitu chake kikishazimwa mtu mwingine asikiwashe mpaka azikwe. Baba yake yeye na Mzee Ngumbao alipofariki, cherehani yake ilifunikwa kanga, na hakuna aliyeigusa mpaka siku ya udongo. Kwa hiyo kampuni ifungwe. Wote wakaitikia. Wote isipokuwa mmoja.

"Baba, samahani," Pascalia akasema. "Mle ndani mna zahanati ya kina mama hapa Likoni. Mna majina yao, damu zao, tarehe zao za kujifungua. Tukizima, muuguzi atafungua kompyuta aone weupe. Na mteja akizimiwa siku kumi harudi tena. Elkana hatakuwa amezikwa yeye tu."

"Mwanangu, wanawake walikuwa wakizaa kabla ya kompyuta," Babu akasema, na watu wakacheka kidogo, kicheko cha hanga. Kisha sauti moja nyuma ikasema kwamba watu wa bara hawajui kuomboleza, mume yuko mochari na mke anaulizia wateja. Sikuona ni nani. Ningemwona ningemtaja kwa jina la baba yake.

Pascalia aliinuka. Alikwenda jikoni akaanza kuosha sufuria ambazo zilikuwa zimeshaoshwa.

Jumamosi asubuhi Babu Karisa alipanda bodaboda akapita barabara mpya hadi Changamwe. Bawabu wa Tabaka anamjua, akamfungulia akimpa pole. Babu akaingia, akatafuta swichi kubwa ukutani, akaivuta chini. Jenereta nayo akaifunga. Akatoka, akatia mlangoni kufuli yake mwenyewe aliyoibeba mfukoni kutoka nyumbani, akarudi Bofu. Bawabu anasema alikuwa analia kama mtoto. Alipofika hapa alisimama katikati ya ua akasema, "Nimemsimamishia kijana wangu kazi yake. Sasa alale." Hakuwa na ubaya hata chembe. Hilo ndilo lililonifanya nishindwe hata kumkasirikia sawasawa.

Wakati huo Purity alikuwa kwa mamangu anamenya viazi. Simu yake ikalia mlio wa kazi. Akaitazama, akamwita Pascalia. "Madam, Changamwe stima imeenda."

"Stima huenda."

"Jenereta haijawaka."

Wakasimama pale, mmoja na kisu mkononi, wakitazama kioo cha simu. Betri zilikuwa zimeshika. Kisha mashine pepe zikaanza kuhama, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio ambao Mjomba aliuweka mwenyewe alipokuwa mzima. Zahanati ndiyo ya kwanza. Shule zikafuata, kisha maduka na makarani wa mizigo. Hoteli ya Nyali aliiweka mwisho kabisa, na hicho ndicho kisasi pekee ninachojua kwamba aliwahi kukilipa. Betri za Changamwe zilipokauka, ndani hamkuwa na mpangaji hata mmoja.

Muuguzi Mwanasaumu wa zahanati alikuja kutoa pole Jumapili, na Purity akamuuliza kama jana yake aliona lolote. "Wallahi sikuona kitu," akasema. "Nilikuwa namwandika mama mmoja, kioo kikakwama kidogo kama mtu anayepiga chafya, kikaendelea. Nilidhani ni kidole changu."

Kwa hiyo Babu alidhani amezima, na ua mzima ukadhani amezima, na wateja hawakujua hata kwamba kuna mtu alijaribu. Purity na Pascalia walinyamaza, mimi nikanyamaza nao. Lakini sasa zote zilikuwa zimejazana ndani ya kabati la chumba cha wageni kwa mamangu, na kabati hilo halikuwa tena na pa kuhamia, kwa kuwa Changamwe kuna kufuli, na betri zake peke yake zisingebeba mzigo wote. Na chumba hicho, jamani, ndicho mlichopewa akina mama wa Kaloleni kulala pamoja na Bibi. Mlitundika mabegi juu ya hilo kabati. Mlichaji simu kumi na moja kwenye soketi yake. Purity akahamia humo na mkeka, mkasifu jinsi yule msichana anavyompenda Bibi.

Jumatatu, yule shangazi wa pasi aliingia na birika la umeme, akainama, akashika plagi ya kabati.

"Usichomoe!" Purity akapiga kelele mpaka nje watu wakadhani kuna aliyezimia.

"Alaa! Kwani chai ya hanga inapikwa na nini, maombi?"

"Shangazi, nakuomba. Chomeka ukumbini."

"Friji lenyewe halina hata maji baridi, nimelifungua!"

Bibi alikuwa kitandani, amegeukia ukuta. Hakuwa amesema neno tangu Ijumaa. Akageuka. "Dorothy amelifungua friji hilo mara ngapi akatoa samaki?" akauliza. "Mama Nyamvula yuko wapi? Mniitie."

Pascalia akaja. "Abee, mama."

"Ile kazi ya mwanangu. Imezimwa au haikuzimwa?"

Pascalia angeweza kudanganya, na sisi wote tuliokuwa mlangoni tulikuwa tukimwombea adanganye. Kampuni ilikuwa imebakia kwenye plagi moja, na mwenye ukoo ndiye anayeuliza. Akapiga magoti kando ya kitanda. "Haikuzimwa, mama. Babu alizima Changamwe, yenyewe ikahamia hapa. Ndiyo hii."

"Ikahamishwa na nani?"

"Na Elkana. Aliiandika hivyo. Hakuna mtu aliyeigusa."

Bibi akanyoosha mkono akaweka kiganja kwenye lile kabati, pale penye joto. Kisha akacheka, kicheko kidogo chenye machozi. "Basi nalala naye chumba kimoja siku zote hizi na hakuna aliyeniambia." Akavuta pumzi. "Niitieni Karisa."

Babu akaja, akakaa kwenye kigoda, akaelezwa. Uso wake siwezi kuueleza. "Shemeji," akasema, "nilizima kwa mkono wangu huu. Nilisikia mle ndani feni zikinyamaza."

"Ulizima nyumba. Wapangaji walikuwa wameshahama."

"Basi twende tuzime na hili. Desturi ni desturi."

Pascalia akafumba macho. Purity akaketi mbele ya soketi, mgongo ukutani, kama atakayeng'olewa pamoja nayo.

"Ngoja, Karisa," Bibi akasema. "Nieleze desturi. Inakataza nini?"

"Kitu cha marehemu kikishazimwa, mwingine asikiwashe mpaka azikwe."

"Nani amewasha?"

Babu akafikiri. "Hakuna."

"Imezimika?"

"Haikuzimika."

"Basi mtu hawezi kukosa kwa kuwasha kitu kisichozimika. Mwanangu hajavunja desturi, ameipita pembeni, kama alivyokuwa akinipita mimi nikimtuma mafuta. Wewe ulifanya haki yako, ulisimamisha. Kufuli yako ibaki Changamwe mpaka siku ya udongo, mtu asiiguse. Hili hapa litanguruma. Na siku ya udongo, tukishamfunika, ufunguo unampa mkewe, mkononi, watu wakiona, ili asije mtu akasema mwanamke wa bara alivunja mlango."

Babu Karisa hakusema ndiyo. Aliguna, na wanaomjua wanajua mguno wake ni sawa na kutia sahihi. Alipotoka alisimama mbele ya Pascalia, akampa pole kama ndiyo kwanza amefika msibani. Pascalia akampokea kwa mikono yote miwili. "Shikamoo, baba," akasema. Tangu hapo hakuna aliyeingia chumba kile na birika.

Marehemu ameacha mjane, Pascalia, watoto wawili, Nyamvula aliye kidato cha nne na Chrispine aliye bado shule ya msingi, mama mzazi, Bibi Kache, dada, Dorothy, baba mdogo, Mzee Karisa, mpwa mmoja asiyemaliza alichoanza, Purity na wenzake wa Tabaka, na mashine pepe arobaini na moja ambazo asubuhi ya leo, nimeuliza kabla ya kusimama hapa, zote zinafanya kazi.

Baada yangu Mchungaji ataomba, kisha twende kaburini. Udongo ukishatosha, Babu Karisa atatoa ufunguo katika mfuko wa kushoto wa koti na kumpa Pascalia. Nimeliandika hapa likapigwa chapa, nakala mia tatu, na nyote mnazo mikononi.

Pumzika, Mjomba. Jumatatu ofisi inafunguliwa.